Hakuna Aliyepanda Hiyo Ndege Peke Yake

Wasee, kuna kauli moja imejaa mtandaoni mpaka imekuwa kama salamu: "Nimejitengeneza mwenyewe." Msee anapiga picha na gari pale Westlands, anaweka muziki, anakuambia hakuna mtu alimsaidia. Anayefuata anakuambia chuo ni kupoteza wakati. Wa tatu anakuuzia kozi ya wiki mbili ya kukufundisha kujitengeneza mwenyewe. Sasa kama unafundishwa, si kuna mtu amekusaidia? Lakini tuwachie hapo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo sina cheti cha kukutishia nacho. Nilichonacho ni simu, muda, na tabia ya kusoma historia hata kama hainilipi. Na historia ya wasomi wa huu mji, kutoka Kabete mpaka Moi Avenue, inasema kitu kimoja bila kificho: karibu kila jina kubwa unalolijua lilikuwa na mtu nyuma yake. Si mtu wa kumpigia makofi. Ni mtu aliyemjua kwa jina, aliyejua fomu inajazwa aje, na aliyekuwa na mlango wa kumfungulia. Siku hizi tunaita hiyo mentashipu na tunaifanyia mikutano hotelini. Wazee waliita tu kushikwa mkono.

Wacha niwape mifano mitatu, halafu niseme kile kinachoniuma.

Wa kwanza ni Tom Mboya, ambaye wengi wetu tunamjua kama barabara ya kupandia mathree. Alizaliwa 1930. Alisoma mpaka Mang'u, lakini pesa ya kuendelea hadi mtihani wa Cambridge ikakosekana nyumbani. Story unaijua, si ndiyo? Akaenda kusomea kazi ya mkaguzi wa afya kule Jeanes School, Kabete. Hiyo compound bado iko, ndiyo Kenya School of Government ukitoka Westlands kuelekea Lower Kabete. Akaajiriwa na baraza la mji wa Nairobi, akaingia kwa mambo ya vyama vya wafanyakazi, na akiwa na miaka 23 tu alikuwa katibu mkuu wa shirikisho lao.

Mwaka wa 1955 alipata nafasi ya kwenda Ruskin College, Oxford, akakaa mwaka mmoja. Pale kulikuwa na mama mmoja msomi, Margery Perham, aliyekuwa bingwa wa mambo ya ukoloni. Mboya alipoandika kijitabu chake kuhusu Kenya, kilichotoka 1956, Perham ndiye aliyekiandikia utangulizi. Fikiria hiyo: kijana wa miaka 25 kutoka koloni, hana digrii, na jina zito la Oxford linasimama mbele ya maneno yake kuwaambia Waingereza wamsikilize. Si lazima walikubaliana kwa kila kitu. Huyo mama alimkopesha jina lake, basi.

Mboya hakuwahi kupata digrii ya darasani. Kumbuka hilo tukiendelea, kwa sababu huyu mtu asiye na digrii ndiye aliyepeleka mamia ya Waafrika kusoma Marekani.

Mwaka wa 1959 hali ilikuwa hivi. Mwafrika wa Kenya aliyetaka digrii alikuwa na njia nyembamba sana: Makerere kule Kampala, ambako nafasi zilikuwa za kuhesabika, ama bahati ya kwenda ng'ambo. Royal Technical College pale tao, ile leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, ilikuwa imepokea wanafunzi 1956 tu na ilikuwa bado changa. Mboya akazunguka Marekani Aprili na Mei mwaka huo akihutubia, na kila alipopita aliomba vyuo nafasi za masomo. Vyuo vikakubali. Tatizo likawa nauli. Una barua ya kukubaliwa mkononi, lakini kati yako na darasa kuna bahari.

Ndipo likaundwa shirika linaitwa African-American Students Foundation, Mboya akishirikiana na mfanyabiashara mmoja Mmarekani, William Scheinman. Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte wa muziki na Sidney Poitier wa filamu wakatia sahihi barua ya kuomba umma uchange. Huku nyumbani, familia zikauza mbuzi, zikafanya chai za mchango, vijiji vizima vikachangia mtoto mmoja. Septemba 1959 ndege ya kukodi ikatua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Mboya akakutana na Seneta John Kennedy, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 kutoka Kenya na nchi jirani walikuwa wamepitia mpango huo.

Watu wakisimulia hii story wanapenda ndege. Mimi napenda kile kilichotokea kabla ya ndege. Mboya alikuwa na wenzake wawili, Dkt. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, ambao wote walikuwa wamesoma Marekani. Kiano alikuwa Mkenya wa kwanza kupata udaktari wa falsafa, kutoka California mwaka wa 1956, kisha akarudi kufundisha hapo Royal Technical College. Hawa ndio walijua chuo gani ni cha maana na kipi si cha maana, barua inaandikwa aje, baridi inafanana na nini. Serikali ya kikoloni ilikuwa inawaambia vijana digrii za Marekani ni za chini. Kijana wa miaka 19 angejuaje huo ni uongo? Angejua kwa sababu mbele yake alikuwa amekaa mtu mwenye hiyo digrii.

Mfano wa pili ni mtu ambaye wengi wanaamini alipanda ile ndege ya kwanza. Hakuipanda. Barack Obama, yaani baba yake rais, aliondoka Maseno bila kumaliza. Akaja Nairobi, akawa anafanya kazi za ofisi. Kwa maneno ya leo tungesema ni dropout anayesota na kazi za hapa na pale. Kisha akaajiriwa kama karani na Mmarekani anayeitwa Betty Mooney, aliyekuwa hapa kwa kampeni ya kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Mooney akaona kichwa cha huyu kijana. Akamwacha aandike vitabu vidogo vya Kiluo vya hiyo kampeni. Otieno Jarieko, vilivyotoka 1959, ni vyake. Mooney na mwenzake Helen Roberts wakamsukuma arudie masomo kwa njia ya posta, wakamsaidia kuandikia vyuo, na Chuo Kikuu cha Hawaii kilipokubali, Mooney akasaidia na pesa za kumfikisha huko.

Sijui kama mnaona ukubwa wa hiyo kitu. Hakukuwa na programu. Hakukuwa na tisheti, wala bango la kupigia picha. Kulikuwa na bosi mmoja kwenye ofisi ya Nairobi aliyemwangalia karani wake akasema, wewe hufai kuishia hapa. Halafu akakaa naye wakajaza fomu.

Wa tatu ndiye ananigusa zaidi, kwa sababu story yake inaonyesha kwamba hata ukishafika, bado unaweza kufungiwa nje. Wangari Maathai alimaliza Loreto Limuru, akaenda Marekani 1960 kupitia mpango huohuo wa Mboya na pesa za Kennedy. Akapata digrii ya biolojia Kansas 1964, akapata ya uzamili Pittsburgh. Mwanzoni mwa 1966 akarudi Nairobi akiwa na barua mkononi: kuna kazi inamsubiri chuoni, idara ya zoolojia. Anavyosimulia mwenyewe kwenye kitabu chake Unbowed, aliporipoti akaambiwa kazi imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliona sababu ni mbili: yeye ni mwanamke, na kabila lake si lile lililotakikana.

Digrii mbili. Barua iliyosainiwa. Na bado hana kazi, anazunguka tao akitafuta. Kama kisomo peke yake kingetosha, hapo kingetosha.

Kilichomwokoa ni kwamba katika chuo hichohicho, profesa mmoja Mjerumani, Reinhold Hofmann, alikuwa anaanzisha idara ya anatomia ya mifugo na alihitaji mtu anayejua kazi ya maabara. Akamchukua. Hakuishia kumpa mshahara. Akamhimiza afanye udaktari wa falsafa na kumfungulia njia ya kwenda Ujerumani kwa utafiti. Mwaka wa 1971 Wangari akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada hiyo. Baadaye akaongoza hiyo idara yenyewe. Mambo ya miti, Uhuru Park na tuzo ya Nobel ya 2004 mnayajua. Lakini chuo kimoja, mwaka mmoja: mlango mmoja ulifungwa na mtu, na mwingine ukafunguliwa na mtu. Sera ilikuwa ni ileile.

Sasa, sitaki mtu aondoke hapa akifikiri hii kitu ni tamu tu. Kushikwa mkono kuna siasa yake, na lazima uulize mkono ni wa nani. Kennedy alikuwa anatafuta urais mwaka huo wa 1960, na kura za Wamarekani Weusi zilikuwa na maana kwake. Marekani na Sovieti zilikuwa zinashindania vijana wa Afrika kama vile mathree zinashindania abiria Odeon. Jaramogi Oginga Odinga naye alikuwa anapeleka wake upande wa mashariki, Moscow na kwingineko. Waliorudi wakajikuta wamegawanywa kulingana na nani aliwalipia tikiti. Mkono uliokuinua unaweza kukudai.

Na sisi wa Nairobi tunalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, si ni sisi tuliochukua neno "sponsa" tukaligeuza maana? Zamani sponsa alikulipia karo ukamwandikia barua ya shukrani na matokeo ya muhula. Leo ukisema msichana wa kampasi ana sponsa, watu wanacheka na hawaulizi anasomea nini. Mimi naona hiyo si utani tu. Lugha inatuambia kwamba msaada wa kawaida, wa mtu mzima asiyetaka kitu kutoka kwako, umekuwa adimu mpaka neno lake likachukuliwa na biashara nyingine.

Umeadimika aje? Hapa ndipo historia inakuwa hesabu. Wakati wa Wangari, chuo kilikuwa kidogo kiasi kwamba profesa angeweza kukujua. Royal College ikawa University College, 1970 ikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Miaka ya themanini na mwanzoni mwa tisini idadi ikapanda kwa kasi, 8-4-4 ikaleta kundi lake la kwanza 1990, na baadaye vyuo vikafunguliwa kila kona. Leo Kenya ina zaidi ya nusu milioni ya wanafunzi wa vyuo vikuu. Hiyo ni habari njema, na simpingi mtu yeyote aliyeingia. Ila tulipoongeza wanafunzi hatukuongeza watu wa kuwashika mkono. Tuliongeza mifumo. HELB ilianzishwa na Bunge 1995 ili mkopo upatikane kwa utaratibu, na siku hizi unaomba kwa simu bila kupanda ngazi za Anniversary Towers. KUCCPS inakupangia kozi bila kukuona uso. Pesa ikajitenga na mtu. Betty Mooney alikuwa vitu viwili kwa wakati mmoja, nauli na macho. Tumehifadhi nauli, tena nusu yake, tukatupa macho.

Nilipoacha chuo, karo ikiwa imekwama na nyumbani hakuna kitu, mfumo ulinitumia ujumbe wa salio mara nne. Hakuna binadamu aliyepiga simu. Sikitaji hicho chuo, kwa sababu ningeweza kuwa popote. Miezi kadhaa baadaye ndio jamaa mmoja wa Kangemi aliyewahi kusoma huko akaniambia kulikuwa na njia: unaandika barua ya ukurasa mmoja ya kuahirisha masomo, nafasi yako inakungoja. Ukurasa mmoja! Iko kwenye kanuni, ukurasa wa sijui ngapi, katika faili ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasaini bila kusoma. Mtu mmoja wa mwaka wa nne angeniambia hiyo kitu kwa dakika mbili tukinunua smokie.

Hiyo ndiyo mentashipu ninayoiongelea. Si hotuba ya "amini ndoto zako". Ndoto tunazo, zimejaa. Kinachokosekana ni mtu wa kukwambia andika barua, peleka kwa ofisi ile, uliza yule mama wa dirisha la pili, usiende Ijumaa mchana.

Kuna wanaofanya hii kazi na wanastahili kutajwa. Benki ya Equity ilianza mpango wake wa viongozi 1998: unamaliza sekondari ukiwa juu, unapewa kazi ya kulipwa kwenye tawi kabla ya kuingia chuo, halafu wanaendelea kukufuatilia. Mwaka wa 2002 Dkt. Susan Mboya alianzisha Zawadi Africa, inayosaidia wasichana werevu kutoka familia zisizo na uwezo kufika vyuo vikuu na kuwalea katika uongozi. Jina la Mboya si bahati tu: yeye ni binti ya Tom, na mama yake, Pamela Odede, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa ule mpango wa ndege. Akili Dada ya Wanjiru Kamau-Rutenberg ilianza 2005, ikiunganisha karo za wasichana wa sekondari na walezi wa kike. Halafu 2010, pale Ngong Road, iHub ikafunguliwa, na mwaka huohuo wanawake wachache wa teknolojia wakaanzisha AkiraChix ili kushikana mikono kwenye fani iliyojaa wanaume.

Angalia kitu kimoja hapo. Nyingi ya hizi zinaanza na mtu ambaye ni lazima awe bora kabisa: A, namba moja wilayani, kipaji kinachoonekana kutoka mbali. Sizilaumu, pesa ni kidogo na lazima uchague. Lakini Mboya alikuwa amekwama kabla ya mtihani wa mwisho, na Obama hakuwa amemaliza shule. Mwanafunzi wa B- anayetoka Kawangware kila asubuhi kwa miguu mpaka chuoni kwa sababu nauli imeisha, hakuna programu inayomtafuta. Na ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kupotea mwaka wa pili bila mtu kugundua mpaka wiki ya mtihani, halafu mtu aseme, "Kwani yule jamaa alienda wapi?"

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga huko chini.

Vyuo viache kuhesabu mentashipu kwa idadi ya mikutano. Vihesabu kitu kimoja: je, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ana jina na namba ya binadamu mmoja anayeweza kumpigia saa mbili usiku akikwama? Hiyo haihitaji bajeti ya wizara. Makomredi wa mwaka wa tatu na wa nne wapo tayari, na wanajua njia zote za panya. Wapewe kazi hiyo rasmi, itambuliwe, hata iandikwe kwenye cheti chao.

Pili, mwanafunzi akikosa madarasa wiki tatu mfululizo, mtu apige simu kabla mfumo haujatuma salio. Simu moja. Gharama yake ni ya chini kuliko ya mwanafunzi aliyepotea na mkopo wa HELB ambao bado atadaiwa.

Tatu, sisi tunaotengeneza video tuache huu uongo wa kujitengeneza wenyewe. Unaumiza watu. Kijana aliyekwama anatazama hiyo video anafikiri akiomba msaada ni mdhaifu, kwa hivyo ananyamaza, na kunyamaza ndiko kunakomtoa chuoni. Kama kuna mtu alikufundisha kuhariri, mtaje. Kama mjomba alikununulia simu ya kwanza, mtaje.

Ukipita Moi Avenue wikendi hii, utaona sanamu ya Mboya, karibu na pale alipopigwa risasi Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969 akiwa na miaka 38. Watu wanakutana hapo kusubiriana, wanapiga selfie, wanaendelea na safari. Nawe ukiwa hapo unasubiri mtu, toa simu. Kama uko mwaka wa tatu, mtumie ujumbe mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka mtaani kwenu, umuulize karo imefikia wapi. Kama uko mwaka wa kwanza na mambo yameanza kuwa magumu, muulize mtu leo kuhusu barua ya kuahirisha, hata kama huihitaji bado. Na kama unajua jinsi chuo chenu kinavyoishughulikia hiyo barua, ofisi gani na siku gani, andika hapo chini na jina la chuo. Nitakusanya majibu yote niyaweke mahali pamoja, kila mtu ayaone.